Mapafu huwahi, ugoko huchelewa: kuuandaa mwili kabla ya kwenda JKT

Wazazi, walimu, viongozi wetu wa mtaa, na ninyi vijana ambao ndio wenye shughuli yenyewe: itifaki imezingatiwa. Jua la Mtwara mnalijua, kwa hiyo tuingie kazini mapema.

Mbele yetu wamekaa vijana wa aina mbili. Wapo wa mujibu wa sheria, wanaomalizia kidato cha sita, na wapo wa kujitolea. Wote wanakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963. Mafunzo ya mujibu yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, ndiyo maana mzazi aliyemaliza shule katikati ya miaka hiyo hana cha kumsimulia mwanawe kuhusu kambi. Anachokijua ni maneno ya vijiweni: kwamba huko ni kufa na kupona, na kwamba mwenye pumzi hana shida. La kwanza limetiwa chumvi. La pili ndilo lililotuleta hapa, maana linawaumiza watu miguu.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Majina yakitoka, kijana aliyekuwa amekaa na vitabu mwaka mzima anafunga raba jioni ileile na kukimbia kutoka Shangani hadi Mikindani, zaidi ya kilomita 10. Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Wiki ya pili anajiona mwamba, kwa sababu pumzi imekuja. Kweli imekuja. Moyo na mapafu huanza kuzoea mapema, ndani ya wiki mbili au tatu. Misuli hufuata. Lakini mifupa na kano huhesabu kwa miezi. Mfupa ukipata mzigo mgeni, mwili kwanza humeng'enya sehemu kuukuu ndipo uweke mpya, na kati ya kuondoa na kujenga kuna kipindi, takribani wiki ya tatu na ya nne, ambapo mfupa ni dhaifu kuliko siku ulipoanza. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Aliyeanza kwa pupa wiki tatu kabla ya kuripoti anaingia kambini na udhaifu huo hasa, na hapo ndipo mchakamchaka wa alfajiri, kwata na buti ngumu vinapomkuta.

Kwa hiyo tunachowaomba ni wiki 10, na wiki za mwanzo ziwe nyepesi mpaka mwone aibu. Kwa wa mujibu, mtihani unafanyika Mei na miaka ya karibuni kambi zimekuwa zikipokea vijana kuanzia mwisho wa Mei au Juni. Maana yake ni kuanza Machi, katikati ya maandalizi ya mtihani. Mzazi asishtuke: siku nyingi tunadai nusu saa tu, na kichwa kilichokimbia nusu saa alfajiri hakisinzii kwenye hesabu.

Kukimbia ni siku tatu kwa wiki, zisizofuatana: tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ya kwanza kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10. Wiki ya pili kimbia 2, tembea 2, mara 7. Wiki ya tatu kimbia 3, tembea 2, mara 6. Wiki ya nne usiongeze chochote, rudia ileile ya tatu, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza ya mfupa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, maana ndipo pumzi inapowadanganya kwamba wanaonewa. Wiki ya tano kimbia 6, tembea 2, mara 4. Ya sita kimbia 10, tembea 2, kimbia 10 tena, tembea 2, umalizie na 5. Ya saba kimbia 14, tembea 2, kimbia 14. Ya nane, dakika 30 bila kutembea. Ya tisa, siku mbili za dakika 30 na siku moja ya dakika 40. Ya kumi punguza kila kitu nusu, ufike kambini miguu ikiwa na hamu ya kazi.

Mwendo wake ni upi? Ni ule unaoweza kuimba nao. Hatutanii. Mchakamchaka wa kambini ni kikosi kizima kinakwenda pamoja, mmoja anaanzisha wimbo na wote wanaitikia, na anayekimbia mwendo ambao hawezi kuitikia anaonekana mara moja. Kimbieni wawili watatu mkiimba. Ukikata wimbo katikati kutafuta hewa, umezidisha, punguza. Kichomi kikikubana ubavuni, usisimame ghafla: punguza mwendo, pumua kwa kina kutoka tumboni, toa hewa taratibu, bonyeza panapouma. Mara nyingi chanzo ni chakula kizito au maji mengi yaliyonywewa muda mfupi kabla.

Njia nayo ina mambo yake. Ufukweni pale Shangani mchanga mkavu ni mlaini, na watu husema mchanga ni mzuri kwa sababu ni mgumu kukimbilia. Ugumu wake unaangukia kwenye kano ya kisigino na nyama za nyuma ya ugoko, ambazo huvutika kupita kiasi kila mguu unapozama. Subirini maji yakipwa, mkimbie kwenye mchanga uliolowa na kukaza. Hata hapo, ufuko umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo mguu mmoja uko juu na mwingine chini. Nusu ya muda nenda upande mmoja, nusu rudi kwa njia ileile. Kukimbia peku msikuonee fahari. Ukiacha matumbawe na miba, kambini hutakimbia peku. Njia bora kuliko zote ni zile za udongo katikati ya mikorosho, zilizoshindiliwa na baiskeli na miguu. Walioko Newala na Tandahimba wanazo tele, na milima juu yake. Lami tumieni kidogo, upande wa kulia ili uone gari linalokuja mbele yako, na kabla hakujapambazuka vaa kitu cheupe. Mabinti waende kwa kundi, kwenye njia ambayo nyumbani wanaijua.

Raba. Tunajua wengi mtanunua za mitumba, na hakuna ubaya wowote ukijua cha kukagua. Ipindue utazame soli: kama kisigino kimeliwa upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza alikuachia mwendo wake, iache. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Isiegemee kushoto wala kulia. Ikunje: inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia. Ikikunjikia katikati ya nyayo, haina uti. Bonyeza ile sponji ya ndani kwa dole gumba. Kama haibonyei, au inabonyea isirudi, imekufa, hata kama juu inang'aa. Nunua jioni, wakati mguu umetanuka, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na pabaki nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Kisha itembelee wiki nzima kabla ya kukimbilia. Maelekezo ya kujiunga huwa yanataja rangi ya raba, bukta na fulana; yasomeni kabla hamjatoa hela, msije mkanunua mara mbili.

Turudi kwenye ugoko, maana ndiko tulikosema watu huumia. Maumivu ya ugoko ni ya namna mbili na lazima mjue kuyatofautisha. La kwanza limetandaa: unapitisha mkono upande wa ndani wa ugoko, sehemu ya chini, na panauma kama urefu wa kiganja. Linauma ukianza kukimbia, likipata moto linapungua, kesho asubuhi linarudi. Hilo ni onyo. Pumzika kukimbia siku kadhaa, tembea au endesha baiskeli badala yake, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, kisha rudi kwenye ratiba ya wiki iliyopita, si pale ulipoachia. La pili unaweza kulionyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Linazidi kadiri unavyokimbia, usiku umelala linauma, na ukiruka kwa mguu huo mmoja unasikia kama kisu. Hapo acha kabisa, nenda hospitali, kwa sababu mfupa huenda umeanza kufanya ufa. Wengine humeza dawa za maumivu ili wakimbie. Dawa haitibu ufa, inakufumba tu macho, na kumeza dawa hizo ukiwa umekaukiwa maji kunaweza kuharibu figo.

Jumanne na Alhamisi ni tizi za nguvu. Pushapu kwanza. Mikono chini ya mabega, imezidi upana wa mabega kidogo. Viwiko vielekee nyuma kwa mshazari, visitanuke kama mbawa, maana hapo bega ndilo linalobeba. Mwili unyooke kutoka kichogo hadi kisigino, makalio yasipande wala kiuno kisibonyee. Shuka mpaka kifua kiguse ngumi ya mwenzako iliyowekwa chini. Ile ya kutikisa kichwa tu tunaiona kila siku, na afande naye ataiona. Usiyeweza hata moja anza ukutani, wiki inayofuata kwenye meza imara, kisha kwenye benchi, mwisho chini. Ukishaweza, jipime: ngapi unazipiga safi bila kupumzika? Kama ni 12, siku ya tizi piga 6, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara 5. Jipime upya kila baada ya wiki mbili. Kupiga mpaka uanguke kila siku kunakuchosha tu.

Kisha tumbo na mgongo kwa planki: viwiko chini, mwili mnyoofu, sekunde 20 mara 4, ukiongeza sekunde 5 kila wiki. Halafu kuchuchumaa na kuinuka, nyayo nzima chini, magoti yakifuata vidole, 15 mara 3. Na kupanda ngazi au kizingiti kirefu, 10 kila mguu.

Kuhusu kichurachura tuna neno. Vijana hujipa mamia siku moja wakidhani wanazoea adhabu kabla haijafika. Misuli ya paja isiyozoea ikifanyishwa kazi hiyo kwa wingi, hasa kwenye joto, huweza kuchanika ndani kwa ndani na kumwaga uchafu wake kwenye damu, na figo hushindwa kuuchuja. Dalili ni mapaja kuvimba na kuuma kupita kawaida, na mkojo kuwa wa kahawia kama chai ya rangi. Ukiona mkojo huo usingoje kesho, hospitali siku hiyohiyo. Kichurachura 10 mara 2, kuanzia wiki ya sita, kinatosha kabisa.

Jumamosi ni siku ya mzigo. Kambini kuna fatiki: kulima, kufyeka, kubeba kuni na maji. Kijana anayepalilia mikorosho ya baba yake ametutangulia hapa. Wa mjini ndio tunaosema nao. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Anza na nusu, kilo 10, tembea mita 50, badilisha mkono, rudia mara 6, mabega yakiwa sawa. Ongeza lita mbili mbili. Baadaye weka mchanga kilo 5 kwenye begi la mgongoni lililokazwa juu, utembee saa nzima, na kufikia wiki ya tisa uwe na kilo 10 kwa saa moja na nusu. Mtembee, msikimbie na mzigo. Magoti yenu bado mnayahitaji. Jembe nalo lishikeni mara mbili tatu, viganja vizoee. Jumapili ni kupumzika, na kupumzika ni sehemu ya ratiba.

Kitu kidogo ambacho hakuna anayekifanyia mazoezi ni kusimama. Kwenye kwata, amri ya mguu sawa inaweza kudumu, na watu huanguka wamesimama. Sababu ni kwamba ukikaza magoti bila kutikisika, damu hutuama miguuni na kichwa kinakosa yake. Jizoezeni kusimama dakika 10, kisha 20, magoti yakiwa yamelegea kidogo kiasi kisichoonekana, mkikaza na kulegeza nyama za ugoko, mkichezesha vidole ndani ya kiatu. Ukiona giza linaingia machoni, chuchumaa kabla hujaangushwa.

Joto. Machi na Aprili huku kwetu ni mvua na fukuto. Jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo halikupoozi. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto, hivyo anzeni alfajiri, na baadaye ingizeni siku moja moja ya saa 4 asubuhi kwa mwendo wa polepole. Maji: tazama mkojo, uwe wa manjano hafifu. Ukiwa mweupe kabisa na unakojoa kila mara, umezidisha, na kunywa maji matupu kupita kiasi nako kunaleta kizunguzungu na kutapika kwa sababu chumvi ya mwilini inazidiwa. Baada ya kutoka jasho jingi, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Dafu nalo ni zuri. Mwenzako akianza kuyumba, kujibu ovyo au kugombana bila sababu huku mwili unachoma, usimwache apumzike peke yake. Kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni bila kukoma, na mmoja atafute usafiri wa hospitali. Kama hana fahamu msimnyweshe kitu.

Tuna hoja nyingine ya hali ya hewa ambayo watu wa pwani tunaisahau. Si kila mtu atapangiwa kambi ya Nachingwea, hapa jirani Lindi. Ukipelekwa Mafinga, kule Iringa, unatoka usawa wa bahari kwenda karibu mita 1,900, mwezi Juni, na baridi ambayo Mtwara hujawahi kuiona. Hewa ni nyepesi, siku za kwanza pumzi itakatika mapema hata kama umejiandaa vizuri. Usibabaike, huo si udhaifu. Punguza mwendo pale unaporuhusiwa na mwili utazoea. Cha kubeba ni nguo za baridi kweli kweli, na mafuta mazito ya midomo na visigino, maana vitapasuka.

Chakula hatutakaa sana, kwa sababu mkoa huu haujanyimwa. Mbaazi, kunde, karanga, dagaa na samaki ni vya kujenga. Muhogo wa kuchemsha, viazi na ugali ni vya kukupa nguvu. Kosa la wengi ni ugali mkubwa na mboga kidogo. Kula saa mbili au tatu kabla ya tizi, au ndizi moja tu kama ni alfajiri, na kula tena ndani ya saa moja baada ya kumaliza. Vinywaji vya kusisimua mwili na dawa za kujaza misuli vikae mbali. Mabinti, msijinyime chakula: hedhi ikikoma kwa sababu ya njaa na mazoezi, na mifupa inadhoofika. Na msio na damu ya kutosha mtaona pumzi haiji hata mfanyeje, kwa hiyo pimeni. Sidiria ya michezo inayobana vizuri ni ya lazima sawa na raba.

Mwaka ambao mwezi wa Ramadhani unaangukia ndani ya wiki hizi, msisimamishe, punguzeni. Tembea au kimbia dakika 20 za mwisho kabla ya futari, ili ukimaliza unywe na kula. Tizi za nguvu zifanyike baada ya tarawehe. Msiongeze dakika mwezi huo. Kubaki pale ulipo kunatosha.

Kupima afya kuwe kabla ya wiki ya kwanza, kusiwe baada ya ya kumi. Pima malaria kila unapopata homa na usikimbie na homa hata siku moja. Pima damu, choo na mkojo: safura na kichocho hunyonya nguvu kimya kimya, na vyote vinatibika kwa vidonge. Mwenye pumu aseme na atembee na dawa yake ya kuvuta. Mwenye ngiri au busha aonane na daktari kwanza. Na ulizeni siko seli nyumbani, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hata asiyeumwa, ila ana chembe za kurithi kutoka kwa mzazi mmoja, anaweza kuzidiwa akilazimishwa kukimbia kwa kasi kwenye joto bila maji. Hajakatazwa mazoezi, apande taratibu, anywe maji, na asione haya kumwambia mkufunzi.

Wiki ya mwisho: lala saa 3 usiku, amka saa 10 na nusu alfajiri, simu iwe chumba kingine. Kata kucha za miguu kwa mnyoofu, zisifuate mviringo wa kidole, zisije zikaingia nyamani. Kausha katikati ya vidole kila unapooga, maana fangasi na buti ni ndugu. Lengelenge dogo lisitoboliwe, lifunikwe; likipasuka lenyewe, safisha kwa sabuni, acha ile ngozi ya juu palepale, funga. Mapaja yanayosuguana yapakeni mafuta mazito kabla ya kukimbia.

Sasa wenye pumu, siko seli na walioumia ugoko waje upande huu wa kushoto tuzungumze mmoja mmoja. Wengine vueni raba mzishike mkononi, tunapita kukagua soli.